Mkono wa Muuguzi na Msuli wa Mgonjwa: Elizabeth Kenny na Mgogoro wa Upimaji wa Polio, 1911–1952

Upimaji wa mfumo wa misuli na mifupa huelezwa katika vitabu vya uuguzi kama stadi iliyokua kwa utulivu: muuguzi hutazama, hupapasa, hukunja na kukunjua kiungo, hulinganisha upande mmoja na wa pili, kisha huandika alichokiona. Maelezo hayo yanaficha mgogoro uliodumu takribani miongo miwili, kwanza nchini Australia na baadaye Marekani, kuhusu mtu gani alistahili kuutafsiri msuli wa mtoto aliyepatwa na polio. Makala haya yanadai kwamba mgogoro uliomzunguka Elizabeth Kenny, ambao kwa kawaida husimuliwa kama ugomvi wa tiba, ulikuwa kwanza ugomvi wa upimaji.

Ili dai hilo lieleweke, ni muhimu kuanza na hali ilivyokuwa kabla yake. Virusi vya polio hushambulia chembe za neva ziendeshazo misuli, zilizomo katika ugwe wa uti wa mgongo. Madaktari wa mifupa wa mwanzoni mwa karne ya 20 waliiona athari yake kama kukosekana kwa mizani: msuli mmoja umepooza, mwenzake ulio upande wa pili wa kiungo ni mzima, na ule mzima unauvuta na kuuchosha ule dhaifu. Kwa mfano, misuli ya mbele ya muundi ikipooza, misuli ya shavu la mguu huvuta kisigino juu na wayo hupinda. Tiba iliyofuata mantiki hiyo ilikuwa kukifunga kiungo kwa banzi au plasta ya jasi kwa wiki nyingi, pengine miezi, ili msuli dhaifu usinyooshwe kupita kiasi.

Mantiki hiyo ilihitaji kipimo. Huko Boston, Wilhelmine Wright, msaidizi wa daktari Robert Lovett, alichapisha mwaka 1912 utaratibu wa kupima msuli mmoja mmoja kwa kutumia uzito wa kiungo chenyewe: je, mgonjwa anaweza kukiinua kikiwa kinavutwa na ardhi, au anaweza kukisogeza pale tu kinapolazwa na kuegemezwa? Baada ya mlipuko wa polio katika jimbo la Vermont mwaka 1914, mbinu hiyo ilitumiwa kwa wagonjwa wengi, na mlipuko wa 1916, ulioua watu wapatao 6,000 nchini Marekani, uliongeza haja yake. Kutoka katika mbegu hiyo, pamoja na nyingine, kilikuja kipimo cha alama 0 hadi 5 ambacho Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilikichapisha mwaka 1943 kwa ajili ya majeraha ya neva, na ambacho wauguzi wanakitumia hadi leo. Alama 3, yaani msuli uwezao kukiinua kiungo dhidi ya mvutano wa ardhi lakini usioweza kuhimili mkono wa mpimaji, ndiyo kiini chake chote. Ikumbukwe kwamba waliokwenda nyumba hadi nyumba wakipima walikuwa kwa kiasi kikubwa wanawake waliofunzwa mazoezi ya viungo. Muuguzi wa wodini alibakiwa na kazi ya kulinda banzi na kuzuia vidonda vya kulalia.

Elizabeth Kenny hakutoka katika mkondo huo. Alizaliwa mwaka 1880 huko New South Wales. Alipovunjika kifundo cha mkono akiwa kijana, alitibiwa na daktari Aeneas McDonnell wa Toowoomba, ambaye vitabu vyake vya anatomia ndivyo vilivyomfundisha misuli. Hakuna kumbukumbu inayoonesha kwamba alihitimu katika shule ya uuguzi. Alihudumu vijijini Queensland, na katika Vita Kuu ya Kwanza alifanya kazi katika meli zilizorudisha majeruhi. Cheo cha “Sista” alikipata huko jeshini. Kwa mujibu wa tawasifu yake ya mwaka 1943, mwaka 1911 alimkuta mtoto mwenye maumivu makali na viungo vilivyokakamaa, akampelekea McDonnell simu ya maandishi, naye akamjibu kwamba atibu dalili kama zinavyojitokeza. Watafiti wa baadaye wametilia shaka baadhi ya maelezo ya tawasifu hiyo. Lakini hata kama simulizi imepambwa, inaonesha jinsi Kenny alivyotaka kueleweka: kama mpimaji aliyeanzia kwenye mwili wa mgonjwa kabla hajalijua jina la ugonjwa.

Alichodai kukiona kiligeuza picha ya madaktari juu chini. Kwake, msuli uliohitaji kushughulikiwa mwanzoni ulikuwa ule ulioitwa mzima. Msuli huo, alisema, umekakamaa na unauma. Na ule wa upande wa pili umeacha kutumika kwa kuwa umetengwa na akili ya mgonjwa, ingawa si lazima uwe umepooza. Kwa hiyo aliyaondoa mabanzi, akafunika misuli iliyokakamaa kwa vipande vya blanketi la sufu vilivyochovywa katika maji ya moto na kukamuliwa, kisha akamfundisha mtoto upya kuufikiria msuli kabla ya kuusogeza. Vidole vyake vilitafuta ugumu, wakati vidole vya madaktari vilitafuta udhaifu, na kila upande ulikipata ulichokitafuta.

Tume ya Kifalme ya Queensland, iliyoteuliwa mwaka 1935, ilitoa ripoti yake mwaka 1938 na kuhukumu kwamba kuyaacha mabanzi ni kosa kubwa lenye hatari. Hata hivyo, serikali ya jimbo haikuzifunga kliniki zake. Mwaka 1940 Kenny alikwenda Marekani, na huko Minneapolis madaktari Wallace Cole, Miland Knapp na John Pohl walimpa nafasi ya kuonesha kazi yake. Taasisi yenye jina lake ilifunguliwa katika jiji hilo Desemba 1942. Naomi Rogers, katika kitabu chake cha mwaka 2014, amechambua kwa kina nafasi ya jinsia, taaluma na siasa za tiba katika safari hiyo. Uchambuzi huo una nguvu. Linalostahili kuongezwa ni suala la kumbukumbu za upimaji.

Kenny alipinga kupimwa kwa nguvu ya misuli katika siku za mwanzo za ugonjwa. Hoja yake ilikuwa ya kiuguzi na ya haki: kumlazimisha mtoto mwenye maumivu ausukume mkono wa mpimaji ni kumuumiza, na jibu linalopatikana ni la maumivu, wala si la neva. Lakini msimamo huo ulikuwa na gharama. Wagonjwa wengi wa polio hurejewa na nguvu kwa kiasi fulani bila tiba yoyote. Pasipo kipimo cha mwanzo, hakuna aliyeweza kutenganisha mtoto aliyeponeshwa na Kenny na mtoto ambaye angepona tu. Kamati ya madaktari wa mifupa iliyoongozwa na Ralph Ghormley iliyakataa madai yake mwaka 1944. Kwa upande wa nadharia, kamati haikukosea sana: chembe ya neva iliyokufa haifufuliwi kwa blanketi. Kwa upande wa mtoto aliyelala kitandani, Kenny ndiye aliyekuwa karibu zaidi na ukweli, kwani maumivu na ukakamavu vilikuwepo na plasta haikuvijali. Mabanzi ya muda mrefu yalikwisha kutoweka katika wodi nyingi za Marekani kabla Kenny hajafariki Novemba 1952, yaani kabla ya chanjo ya Jonas Salk kuidhinishwa mwaka 1955.

Suala la kipimo cha mwanzo halikufa pamoja naye. Katika mfumo wa sasa wa kufuatilia polio barani Afrika, ambao umeendelea hata baada ya Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani kutangazwa Agosti 2020 kuwa haina virusi asili vya polio, mtoto wa chini ya miaka 15 aliyelegea kiungo ghafla huchunguzwa na kutolewa taarifa, na sampuli mbili za choo chake hupelekwa maabara. Pale sampuli zinapochelewa au kuharibika, mtoto hutafutwa tena baada ya siku 60 ili kiungo kilekile kipimwe na kulinganishwa na kile kilichoandikwa katika fomu ya siku ya kwanza, ambayo mara nyingi huanza kujazwa na muuguzi wa zahanati.