Injini Hufumuliwa, Haibomolewi

Katika orodha za istilahi za ufundi wa magari, kazi ya kuitoa injini ya lori la dizeli na kuitenganisha kipande kwa kipande imepachikwa jina la "ubomoaji wa injini". Waliohisi ukali wa neno hilo wakaja na "ukarabati mkubwa", wakadhani wameliponya. Nazikataa istilahi zote mbili. Ya kwanza inataja tendo ambalo fundi hafanyi kamwe. Ya pili inaruka tendo lenyewe na kutaja tumaini la mwenye lori, maana injini inaweza kufunguliwa yote, ikapimwa, ikaonekana kranki yake haifai tena, na ukarabati usifanyike kabisa. Istilahi sahihi ni kufumua, na nomino yake, ambayo naipendekeza na nitaitetea hapa, ni mfumuo.

Mpaka wa Kenya na Uganda, pale Busia na Malaba, ni mahali pazuri pa kulipima jambo hili, kwa sababu hapo istilahi mbovu ina gharama. Lori lililotoka Mombasa na kontena limekwishakwenda zaidi ya kilomita 900 linapofika Malaba, na njiani limepanda hadi baridi ya Timboroa na kushuka tena. Kisha linakuta foleni, na wakati wa korona mwaka 2020 foleni hiyo ilirefuka kwa makumi ya kilomita. Injini iliyochoka huamua kufa papo hapo. Kampuni kubwa hutuma gari la kuvuta. Mwenye lori moja hulikokota lake hadi uani kwake au kwa jamaa, Amagoro au Matayos, ikatafutwa cheni bloki na boriti imara, na kazi ikafanyika nyumbani. Kabini inainuliwa, oili na maji vinamwagwa, betri na waya vinatolewa, rejeta inaondoka, giaboksi inaachanishwa, maunti zinafunguliwa, injini inaninginia. Hatua hiyo ina jina lake tayari, nalo ni zuri: kushusha injini. Hakuna kamati iliyolibuni, na hakuna haja ya kuligusa. Tatizo linaanza injini ikishatua juu ya matairi makuukuu.

Kinachofuata ni kazi ya utaratibu mkali kuliko wanavyofikiri watunga orodha. Boliti za kichwa cha silinda hulegezwa kuanzia pembeni kuelekea katikati, kinyume cha zinavyokazwa, ili kichwa kisipinde. Kila vali hurudi kwenye kiti chake, kwa hiyo huwekwa kwa nambari. Vifuniko vya beringi kuu za kranki havibadilishani nafasi, kwa kuwa vilitobolewa pamoja na bloku vikiwa vimekazwa mahali pake. Ukikiweka cha tatu mahali pa cha nne, kranki inaweza kukataa kuzunguka. Vivyo hivyo vifuniko vya konrodi. Gia za taimingi zina alama, na fundi huzisoma kabla hajazichomoa. Kwenye injini ya OM 501 ya Mercedes-Benz Actros, ambayo kila silinda ina kichwa chake peke yake, vichwa ni sita, na kila kimoja kina nafasi yake. Katika yote hayo hakuna kinachobomolewa. Kila kitu kinatolewa kwa namna inayohifadhi njia ya kukirudisha.

Sasa tulitazame neno. Kufuma ni kuunganisha nyuzi hata kila mmoja ushikwe na mwenzake. Kutoka hapo tumepata mfumo, neno ambalo leo kila mtu analitumia, mhandisi, daktari na mwanasheria, pengine bila kukumbuka nyuzi. Kiambishi -ua, kama katika funga na fungua, panga na pangua, kunja na kunjua, hugeuza tendo na kulirudisha nyuma. Kufumua, basi, ni kuurudisha mfumo kwenye nyuzi zake. Injini ya dizeli ni mfumo kwa maana kamili ya neno: pistoni haina maana bila laina, laina haina maana bila maji yanayoizunguka, pampu ya nozeli haina maana bila gia inayoipa wakati wake. Kwa hiyo anayeita injini "mfumo" na kisha akasema "inabomolewa" amevunja mantiki ya lugha yake mwenyewe ndani ya sentensi moja. Mwanamke anayefumua nywele zilizosukwa haharibu kichwa. Anafuata njia ya msusi kinyumenyume, na nywele hubaki tayari kusukwa tena. Maana hiyo imo katika neno tangu zamani, na hatukuhitaji kikao chochote kuipata.

Kubomoa hakuna maana hiyo. Kwa Kiswahili cha leo hakuna kitenzi "kuboma" chenye maana ya kujenga, ambacho kubomoa kingekuwa kinyume chake. Mwisho wake unafanana na wa chomoa, lakini kinasimama peke yake bila mwenzi, na kilichobomolewa hakirudi, hujengwa kingine. Mtu wa Busia aliyewahi kuona vibanda vya barabarani vikibomolewa anajua maana hiyo vizuri. Mwenye lori akiletewa karatasi iliyoandikwa "gharama za ubomoaji wa injini" atadhani injini yake inauzwa vipande vipande, na ana haki ya kudhani hivyo, kwa sababu hilo ndilo neno linalosema. Nashangazwa na wataalamu waliolipitisha bila kuisikia hofu iliyomo ndani yake.

Pingamizi la kwanza, na ndilo zito, linatoka kwa mafundi wenyewe: mbona husema "kufungua injini" tu, au "kufanya ovaholi", na kazi inakwenda? Kweli inakwenda. Lakini kufungua ni neno pana mno. Fundi hufungua nati moja, hufungua bomba la dizeli, hufungua kichwa cha silinda kubadilisha gasketi na kuacha chini yote ilivyo. Kati ya kufungua kichwa na kuifikia kranki kuna tofauti ya siku nyingi na fedha nyingi, na ugomvi mwingi wa malipo huzaliwa katika tofauti hiyo. Ovaholi nalo lina kasoro kinyume: linabeba yote, kushusha, kutenganisha, kupima, kuchonga kranki, kubadilisha laina na ringi, kuunganisha na kurudisha, hata usijue fundi amefika wapi. Silikatazi katika mazungumzo ya uani. Nasema tu kwamba istilahi lazima ikate pale kazi inapokatika.

Wapo wanaopendelea kupangua, na hawa nawaheshimu zaidi, maana angalau wametazama kiambishi. Hata hivyo kupanga ni kuweka vitu kwa mpangilio, na vitu vilivyopangwa havilazimiki kushikana: magunia yamepangwa, vitabu vimepangwa, kila kimoja kikijitegemea. Ukipangua magunia ukayapanga upya kwa mpangilio mwingine, hakuna kilichoharibika. Ukifanya hivyo kwa vifuniko vya beringi umeua injini. Tofauti kati ya panga na fuma ndiyo hasa tofauti kati ya rundo na mashine.

Nimesikia pia kwamba -ua si ya kutegemewa, kwa kuwa nunua, sumbua na chagua havirudishi chochote nyuma. Ni kweli, na hakuna aliyedai kila -ua ni ya kugeuza. Hoja yangu inasimama juu ya jozi iliyo hai, fuma na fumua, ambazo zote mbili zinasemwa leo. Dereva wa kutoka Kampala hatapata shida nayo: Kiganda chake kina simba na simbula, kupanda na kung'oa, kwa kanuni ileile. Mteso wa Malaba hana kanuni hiyo katika lugha ya kwao, kwa kuwa Kiteso si Kibantu, lakini Kiswahili anachofanyia kazi kila siku kimeshampa fungua na kunjua, fumua haitamlemea.

Inabaki nomino, na hapa wapinzani hudhani wamenipata. Mfumuo, wanasema, utachanganywa na mfumuko wa bei. Sioni kwa nini. Bei hufumuka zenyewe, au ndivyo sarufi inavyosema. -Uk- ni ya kitu kinachotokewa na hali. Injini haifumuki yenyewe. Hufumuliwa na mtu mwenye spana, na kukosekana kwa k katika mfumuo ndiko kunakomtambulisha mtu huyo. Wanauchumi walichukua tawi moja la kitenzi na sisi tunachukua jingine. Mti ni uleule. Wengine wananikumbusha kwamba kurasa za michezo magazetini zina mchezaji "aliyefumua shuti" na timu "iliyofumuliwa" mabao. Hayo ni matumizi halali ya kwao, na hakuna msomaji atakayeona "mfumuo wa injini" akatafuta goli. Magazeti hayohayo huandika habari za kufumuliwa kwa baraza la mawaziri, na hapo maana ni ileile ninayoitetea: kutenganisha chombo ili kiundwe tena.

Faida nyingine ya mfumuo ni kwamba unaita jozi yake bila kubuniwa. Tanzania mafundi umeme husema kusuka mota, kwa maana ya kuizungushia waya upya baada ya ile ya zamani kuungua. Kusuka injini upya linakaa pembeni mwa kufumua kama vile neno hilo lilikuwa likisubiri. Tunapata hatua tatu zenye majina matatu, kushusha, kufumua, kusuka, zote za Kibantu, zote fupi, na kila moja mwenye lori anaweza kuilipia peke yake. Katika karatasi ya gharama iandikwe hivi: kushusha injini, kiasi, mfumuo na vipimo, kiasi, vipuri, kusuka na kurudisha, kiasi. Baada ya mfumuo fundi asimamishe kazi, amwonyeshe mwenye lori kranki na vipimo vyake, kisha wakubaliane kama inachongwa kuingia beringi za saizi ya milimita 0.25 au 0.50, au inatafutwa nyingine.