Waliojibu Walipoulizwa Njia

Wezi tuliozoea kuwasikia huvunja mlango. Hawa ninaotaka kuwaeleza hawakuvunja kitu. Walibadilisha tarakimu chache tu, mahali ambapo mwenye nyumba hatazami kamwe, kisha wakakaa kwao Tartu, mji wa chuo kikuu huko Estonia, wakingoja fedha ziingie.

Ili kuuelewa ujanja wao yafaa kukumbuka kwamba kompyuta haijui majina. Wewe huandika jina la gazeti lako, lakini mashine humtafuta mwenzake kwa namba. Zamani, mtandao ulipokuwa mdogo, majina yote na namba zake yaliwekwa katika orodha moja, iliyotunzwa na Elizabeth Feinler na wenzake huko Menlo Park, California. Orodha hiyo ilipokuwa ndefu mno, Paul Mockapetris alibuni mwaka 1983 mfumo wa kuigawa kazi hiyo. Tangu hapo kila kompyuta huwa na seva ya majina inayoiuliza: fulani anakaa wapi? Nayo hujibu namba. Kwa kawaida seva hiyo ni ya kampuni inayokuuzia intaneti, na anwani yake imeandikwa ndani ya mipangilio ya kompyuta. Ni imani tupu, kama ya mgeni ashukaye stendi usiku akamfuata dereva wa teksi wa kwanza.

Vladimir Tsastsin na wenzake wa kampuni ya Rove Digital waliiona imani hiyo. Kuanzia mwaka 2007 walisambaza programu iliyokuja kuitwa DNSChanger. Mara nyingi iliingia kwa ridhaa ya mwenyewe: alitaka kutazama video, akaambiwa apakue kwanza programu ndogo ya kuiwezesha kuonekana. Haikufuta barua wala picha. Iliandika upya anwani ya seva ya majina, ikaweka ya kwao. Nyingi zilianza na 85.255. Aina nyingine zilijaribu hata ruta za nyumbani, zikibahatisha maneno ya siri yaliyoachwa kama yalivyotoka kiwandani.

Tangu siku hiyo kompyuta iliwauliza wezi njia. Nao, na hapa ndipo palipo na akili, mara nyingi walijibu kweli. Aliyetaka gazeti alilipata. Ila aliyefungua tovuti ya Wall Street Journal aliweza kuona tangazo jingine palipokuwa na tangazo la American Express, na aliyetafuta idara ya kodi ya Marekani akajikuta kwa kampuni binafsi ya kuandaa hesabu za kodi. Kila tangazo lina malipo yake. Senti kwa senti zikafika dola milioni 14, kutoka kompyuta zipatazo milioni 4 katika nchi zaidi ya 100. Hata NASA iliguswa. Na ili mgonjwa asipone, programu ilizuia kinga za virusi zisijisasishe.

Tarehe 8 Novemba 2011 Waestonia sita walikamatwa, na FBI wakazitwaa seva zilizokuwa New York na Chicago. Hapo likazuka swali ambalo kwangu ni zito kuliko wizi wenyewe. Seva za wezi zikizimwa, mamilioni ya watu wasio na hatia wangeamka na kukuta intaneti imekufa, maana kompyuta zao zingeuliza njia na kupata kimya. Mahakama ya New York ikaamua anwani zilezile za wezi ziendelee kujibu, ila nyuma yake ziwekwe seva safi zilizoendeshwa na Internet Systems Consortium, shirika lisilo la faida. Basi sheria ikawa inawahudumia walioibiwa, na wengi wao hawakujua kwamba waliibiwa.

Muda ulikuwa uishe tarehe 8 Machi 2012, ukasogezwa hadi 9 Julai. Wapo walioona ni makosa: asiyeumwa hatafuti dawa, na kompyuta hizo zilibaki bila kinga. Hoja hiyo ina nguvu. Lakini mimi nisingependa kuwa hakimu wa kukata mawasiliano ya zahanati isiyojua imekosa nini. Mwezi Mei Google ilianza kuwaonya wenye kompyuta hizo, na magazeti yakatangaza kama kwamba intaneti yote inakufa.

Tsastsin alifungwa New York mwaka 2016, miaka saba na miezi mitatu, baada ya mahakama ya kwao kumwachia mwaka 2013 kwa uamuzi uliotenguliwa baadaye.

Ama ile siku ya 9 Julai, ilipita kimya. Kompyuta zaidi ya 200,000 zilikuwa bado zinauliza njia kwenye anwani za Tartu, lakini baadhi ya kampuni za intaneti zilikuwa zimeyageuza maswali ya wateja wao yaende kwenye seva zao wenyewe. Wateja hao wakaendelea kusoma magazeti yao kama kawaida, na ile 85.255 ikiwa bado imeandikwa ndani.