Picha, Pete na Wafanyabiashara wa Kakinada

Picha ilionyeshwa kwa sekunde chache: kijana ameketi mezani, kitabu kiko wazi mbele yake, macho yanatazama kwingine. Kisha iliondolewa, na mtu akaombwa aandike kisa. Kijana huyu anawaza nini, na mambo yake yataishaje? Mmoja angeweza kuandika kwamba amemkumbuka mama yake. Mwingine angesema anapiga hesabu za mashine anayotaka kuibuni. Alama alipata huyo wa pili.

Mbinu hiyo ya picha ilibuniwa Harvard katika miaka ya 1930 na Henry Murray na Christiana Morgan. Mwanasaikolojia David McClelland aliigeuza kuwa kipimo cha ari ya mafanikio, ile hamu ya kufanya jambo vizuri zaidi ya lilivyofanywa jana, ambayo aliamini ndiyo humfanya mtu awe mjasiriamali. Alitumia pia mchezo wa kurusha pete kwenye kigingi, kila mchezaji akijichagulia pa kusimama. Wenye ari kubwa hawakusogea karibu sana wala hawakwenda mbali mno. Walisimama pale ambapo kupata na kukosa vyote viliwezekana. Kumbe mjasiriamali si mcheza kamari.

Mwaka 1961, katika kitabu The Achieving Society, McClelland alithubutu kupima mataifa mazima. Alizipa alama hadithi za vitabu vya kiada vya watoto, akazilinganisha na ukuaji wa uzalishaji wa umeme katika nchi zao. Ulikuwa ubunifu wa kuvutia, ila msingi wake haukuwa imara: waliorudia hesabu kwa miaka iliyofuata hawakuuona uhusiano huo, na hata alama za mtu yuleyule ziliyumba alipopimwa tena. Kwa kipimo hicho, ni vigumu kusema nani anafaa na nani hafai.

Swali la McClelland lililofuata lilikuwa na manufaa zaidi: je, ari hiyo inafundishika? Mwaka 1964 wafanyabiashara wa Kakinada, mji wa bandari mashariki mwa India, walianza kupelekwa Hyderabad kwa mafunzo ya siku kama kumi. Waliandika visa, wakajifunza kujipa alama wenyewe, wakacheza michezo ya biashara na kujiwekea malengo. Walipofuatiliwa baadaye, walikuwa wameanzisha na kupanua shughuli nyingi zaidi kuliko wenzao wasiofundishwa. Lakini tofauti ilionekana hasa kwa waliokuwa na kauli ya mwisho katika biashara zao. Kijana wa dukani ambaye kila rupia lazima aiombe kwa baba hakuwa na pa kuipeleka ari yake.

Utafiti huo uliingia katika programu ya Empretec ya Umoja wa Mataifa, iliyoanzia Argentina mwaka 1988 na baadaye ikafika Tanzania. Anayeomba mafunzo ya Empretec haonyeshwi picha. Hufanyiwa usaili, aeleze mambo aliyokwisha kuyafanya.