Jina Lilitoka Newala

Ndugu msomaji, hebu tuanzie Chinongwe. Usione haya kama hujui iko wapi. Wengi wetu wa mjini hata Ruangwa hatukuijua, mpaka Namungo ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2019. Basi Chinongwe ni kata ya Ruangwa, mkoani Lindi, jirani na Nachingwea, kwenye nchi ya korosho na ufuta.

Mwaka 2004 watafiti wa kituo cha Ifakara waliingia katika wilaya tano za kusini: Nachingwea, Ruangwa, Lindi Vijijini, Newala na Tandahimba. Walitaka kujua kama mtoto mchanga akipewa SP siku ile ile anapopelekwa chanjo, malaria itampungukia. Wahojaji walipita katika kaya zaidi ya 20,000, na badala ya mafungu ya karatasi walishika kompyuta ndogo za kiganjani. Wakati huo sisi wa Dar tulikuwa tunalipia intaneti kwa nusu saa na kujiona tumeendelea!

Lakini kompyuta si hoja yangu. Kabla dawa haijaanza kutolewa, Januari 2005, watafiti walikwenda kwanza kuuliza watu. Wakaambiwa kwamba malaria ya mtoto ni kero, maana usiku nyumba nzima hailali. Wakaambiwa sindano za chanjo zinaleta homa na uvimbe, lakini watoto wanapelekwa hivyo hivyo. Kuhusu SP wakakuta uvumi tele, mwingine wa kusikia tu, mwingine umetoka magazetini. Kutokana na majibu hayo wakatunga jina la kuiita huduma yao na mabango mawili, wakayajaribu kwanza kwa watu waone kama yanaeleweka. Yaani wataalamu walikuwa na dawa mkononi, wanatafuta jina.

Sasa rudi nyuma nusu karne, upande ule ule wa kusini. Huko mambo yalikuwa kinyume. Wananchi walikuwa na jina, wataalamu ndio waliokuwa mikono mitupu.

Ilikuwa 1952, enzi ya Tanganyika ya Mwingereza. Kwenye uwanda wa juu wa Makonde, Newala, ulizuka ugonjwa wa ghafla. Mtu anaamka mzima, jioni ana homa kali, na viungo vinamuuma kiasi kwamba hawezi kusimama wima. Uliendelea hadi 1953. Daktari Marion Robinson aliandika dalili zake. Kwa macho ya kidaktari ulifanana sana na dengi, ile ambayo kamusi zetu zinaiita kidingapopo. Wamakonde hawakuhitaji kufananisha. Walitazama mgonjwa anavyotembea, wakachukua kitenzi cha lugha yao, kukungunyala, kujikunja au kujipinda, wakaupa ugonjwa jina: chikungunya.

Mpaka leo utasoma mahali eti hilo ni neno la Kiswahili. Si letu hilo, ni la Wamakonde, na tuwaachie wenyewe.

Kutoka Entebbe, Uganda, kwenye taasisi ya utafiti wa virusi, akaja mtaalamu aitwaye Lumsden. Swali lake lilikuwa rahisi: mbona ugonjwa unakwenda nyumba kwa nyumba? Jibu alilikuta ndani, pembeni mwa ukuta. Uwanda ule hauna mito. Maji yalifuatwa mbali, mabondeni, yakipandishwa kichwani, na ukishayafikisha nyumbani humwagi hata tone. Unayaweka kwenye mtungi, siku kadhaa. Humo ndimo mbu aina ya Aedes aegypti alikuwa anazaliana, hatua chache kutoka kitandani.

Hapa ndipo ninapowaomba wenzangu wanaoandika historia wasimame kidogo. Katika vitabu utakuta Robinson na Lumsden, ambao maandiko yao yalichapishwa 1955. Ni haki yao, walifanya kazi. Lakini nani alimfungulia Lumsden mlango? Nani alimwonyesha mtungi, akamweleza maji haya ni ya tangu lini? Mgeni hawezi kuchungulia maji ya kunywa ya mtu bila ruhusa ya mwenye nyumba, na mwenye maji nyumbani kwetu ni mwanamke. Mimi nasema utafiti ule ulifanywa na watu wengi kuliko walioandikwa.

Na lile jina likasafiri. Mwaka 2004 ugonjwa ulizuka Lamu, kisha Mombasa. Mwaka 2005 na 2006 uliangusha zaidi ya theluthi moja ya watu wa kisiwa cha Réunion, ukaingia India, na mwaka 2013 ukafika visiwa vya Karibi. Kote huko daktari na mgonjwa wanatamka neno la Newala, kila mtu kwa lafudhi yake. Mbu yule yule ndiye aliyetuletea dengi Dar mwaka 2014 na tena 2019, naye hachagui mtungi wa udongo wala ndoo ya plastiki. Nani kati yetu, bomba likikatika, hajazi ndoo?

Limebaki jambo moja linalonisumbua. Virusi vyenyewe vilipatikana mwaka 1953, katika damu ya mgonjwa wa homa kutoka upande ule wa kusini, na kazi ya kuvichambua ikafanywa Entebbe na mtaalamu aitwaye Ross. Katika maabara za dunia, aina moja ya virusi hivyo ingali inatunzwa na kufanyiwa majaribio. Vimetoka mwilini mwa mtu wa huku, aliyekuwa amelala na homa, amejikunja, akanyoosha mkono achomwe sindano. Aina hiyo inaitwa Ross.