Kulegea si kulika
Mteja husema, "Cheni ya taimingi imelegea, ikaze." Fundi wa pikipiki hujibu, "Hii imelika." Maneno haya yanatofautiana. Cheni ikilegea kidogo, tenshona huisukuma ikakaa sawa. Ikilika, pini na bushi zake zimesagika, cheni imerefuka, na tenshona ikifika mwisho haina tena pa kusukuma. Ndipo injini hulia chakarachakara ikiwashwa asubuhi. Ning'iniza cheni kuukuu kando ya mpya yenye pingili zilezile: iliyolika hushuka chini zaidi. Kagua pia ncha ya tenshona na reli zake kama zimechimbika. Cheni ikiruka meno, valvu zaweza kugonga pistoni. Kilicholegea hukazwa, kilicholika hubadilishwa.