Ngitili: Akiba ya Malisho katika Nchi ya Wasukuma

Akiba haiozi, wanena wahenga. Mkulima huitia akiba yake ghalani. Lakini mfugaji ataweka wapi majani ya ng'ombe wake, yamfae katika miezi ya kiangazi? Wasukuma wa Shinyanga walilijibu swali hili zamani kwa desturi iitwayo ngitili.

Mvua zilipoanza, sehemu ya malisho ilifungwa, na mifugo ikachungwa kwingineko. Majani yalikua, yakakomaa, yakakauka yangali yamesimama. Kiangazi kilipopamba moto, yapata Julai au Agosti, ngitili ilifunguliwa sehemu kwa sehemu. Waliotangulizwa ni ndama, ng'ombe wazee na wagonjwa, na maksai waliotazamiwa kuvuta jembe mvua zitakaporudi.

Desturi hii haikuzaliwa na raha. Mvua ya Shinyanga ni haba, aghalabu baina ya milimita 600 na 800 kwa mwaka, tena haina ahadi. Tangu miaka ya 1920 serikali ya Kiingereza ilifyeka misitu mingi ili kumfukuza mbung'o, aenezaye nagana. Baadaye mashamba ya pamba yakapanuka, watu na mifugo wakaongezeka, na malisho yakapungua. Kadiri nchi ilivyobanwa, ndivyo haja ya ngitili ilivyozidi.

Lakini pigo lililoivunja halikutoka mawinguni. Ngitili nyingi zilikuwa karibu na maskani, na mwenyewe ndiye aliyekuwa mlinzi wake. Baina ya miaka 1973 na 1976 watu walihamishiwa katika vijiji vipya, wakayaacha mahame yao na malisho waliyoyahifadhi. Kilichokuwa na mwenyewe kikawa cha kila mtu, na cha kila mtu hakikuwa na mlinzi. Miti ilikatwa, udongo ukachukuliwa na maji, wanawake wakaifuata kuni mbali. Shinyanga ikapewa jina la kusikitisha: Jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioitwa kwa kifupi HASHI. Hapo mwanzo nguvu nyingi zilitumika katika vitalu vya miche. Kisha ikadhihirika kuwa chini ya ardhi iliyoonekana kufa, mizizi ya migunga na miti mingine ya asili ilikuwa hai bado. Haikuhitaji kupandwa, ilihitaji kuachwa. Wazee waliijua kanuni hiyo, na mradi ukajifunza kwao. Dagashida, yaani baraza la jadi, lilisimamia sheria, na sungusungu wakawashika waliozivunja. Ngitili zilizohesabika mwaka 1986 zilikuwa hektari 600 hivi. Mwanzoni mwa karne hii zilikadiriwa kufika hektari 300,000 na zaidi, katika mkoa ule kama ulivyokuwa kabla ya kugawanywa mwaka 2012. Pamoja na majani, zilirudi kuni, dawa, asali na matunda ya porini.

Sasa joto la dunia linazidi, na kiangazi kirefu chaweza kuifuata mvua fupi. Ngitili haiwezi kuleta mvua. Yaweza kurefusha faida ya mvua iliyonyesha; lakini majani yasipokua, hakuna cha kufungia. Tena akiba ya mmoja yaweza kuwa dhiki ya mwingine: tajiri akizungushia mpaka eneo kubwa, jirani asiye na ardhi atachunga wapi? Kwa sababu hiyo ngitili za pamoja, za kijiji au za shule, zina thamani isiyopimwa kwa ukubwa wake peke yake.

Historia ya Shinyanga yaonyesha kwamba wafugaji wa nchi kavu hawakungoja kufundishwa kuishi na ukame. Walikuwa na elimu yake. Walichopokonywa ni mamlaka juu ya ardhi ambayo elimu hiyo ilitumika. Na yaliporudishwa, hata kwa sehemu, miti iliota kutoka katika mizizi ile ile.