Tarehe ya Kebo na Ving'amuzi katika Nchi ya Ntuzu

Biashara ya televisheni ya kulipia huko Bariadi ni changa kuliko ya pamba na ndogo kuliko ya ng'ombe, lakini imebadilisha wenyewe mara nyingi kuliko zote mbili. Mkoa wa Simiyu uliundwa mwaka 2012, kwa Bariadi, Maswa na Meatu kutolewa Shinyanga na Busega kutolewa Mwanza. Tarehe 31 Desemba ya mwaka huohuo mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na Mwanza ikafuata tarehe 28 Februari 2013. Mkoa na king'amuzi, basi, ni rika moja.

Kabla ya televisheni kuenea watu wa Ntuzu, nchi inayozunguka Bariadi, waliona picha zinazotembea kwa njia mbili. Ya kwanza ni gari la sinema, lililopita minadani enzi za Mwingereza na likaendelea kupita baada ya Uhuru, likitundika shuka jeupe giza lilipoingia. Ya pili ni kibanda umiza: chumba cha mabati, mabenchi, jenereta nje, na filamu za Wachina na Wahindi zilizotafsiriwa na msimulizi Lufufu kwa maneno ambayo wenye filamu hawakuyatamka kamwe. Tanzania Bara ilichelewa kuwa na televisheni yake. Zanzibar ilianza mwaka 1973, tena ya rangi, lakini Bara ilingoja sheria ya utangazaji ya 1993, na vituo vya Dar es Salaam vikafunguliwa mwaka 1994.

Hapa ndipo ubishi ulipo. Watu wa Dar es Salaam hupenda kusema kwamba wao ndio waliowapa wenzao wa mikoani televisheni. Kwa tarehe tupu wana haki, kwa kuwa ITV ilikuwa hewani kabla ya kituo chochote cha Kanda ya Ziwa. Lakini kuwahi ni jambo moja na kufika ni lingine. Nyumba iliyoizoesha kanda kujisikia na kujiona ni Sahara ya Mwanza, ya Anthony Diallo, iliyoanza na Radio Free Africa miaka ya 1990 kisha ikaongeza Star TV. Bei ya pamba, mikutano ya siasa, misiba ya wakubwa na ngoma za mavuno vilitangazwa kutoka Mwanza, kwa lafudhi ambayo mtu wa Dutwa haikumshangaza. Tena Serikali ilipogawa leseni za kusambaza matangazo ya dijitali, kampuni tatu ndizo zilizozipata: Star Media, Agape ya king'amuzi cha Ting, na Basic Transmission, ambayo Sahara ilikuwa mbia wake pamoja na IPP, wenye ITV. Kati ya milango hiyo mitatu, sehemu ya mmoja ilikuwa ya Mwanza. Mikoa mingi haina cha kujivunia namna hiyo.

Kebo iliingia mijini kabla ya king'amuzi cha bei nafuu. Mwanza ilikuwa na Barmedas. Miji mingine ilikuwa na wenye kebo wao. Kazi yenyewe ilihitaji chumba, madishi makubwa juu ya paa na safu ya ving'amuzi vilivyowaka mchana na usiku. Kila king'amuzi kilifungwa kwenye chaneli moja tu, maana kimoja hakitoi picha mbili kwa wakati mmoja, kisha picha zote ziliunganishwa na kupitishwa kwenye waya mmoja mweusi uliotoka nguzo hadi nguzo na kuingia dirishani kwa mteja. Kadiri waya ulivyorefuka ndivyo nguvu ilivyopungua, kwa hiyo amplifaya zilipachikwa njiani. Umeme ukiyumba, nyumba za mwisho ziliona chenga. Malipo yalifuatwa mlango kwa mlango kila mwezi, na mwenye kebo akitaka kubadilisha chaneli ya filamu kuwa ya mpira, mtaa mzima ulibadilika naye. Tangu mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ianze kazi mwaka 2003, wenye kebo walitakiwa kuwa na leseni na kuwa na mkataba wa chaneli wanazosambaza. Sharti la pili liliwauma kuliko la kwanza.

Kilichowamaliza hakikuwa sheria. Mwaka 2010 StarTimes ya China ilikuwa imeshaingia ubia na TBC, shirika la utangazaji la taifa, katika Star Media, Wachina wakishika asilimia 65 na TBC asilimia 35. Desemba 2013 ikaja Azam, ya nyumba ya Said Salim Bakhresa, mwenye viwanda vya kusaga unga, ikiwa na dishi dogo na Ligi Kuu ndani yake. Nchi iliyozoea kugawanyika makundi ya Bagalu na Bagika wakati wa ngoma haikupata taabu kugawanyika Simba na Yanga mbele ya kioo. Mwaka 2021 Azam ililipia ligi hiyo kwa miaka kumi, shilingi bilioni 225.6. Mwenye waya wa mtaani hana mahali pa kupata fedha hizo, na mteja akishajua kwamba mechi iko kwenye dishi, waya hauna tena cha kumpa.

Mwaka 2018 palitokea ugomvi ambao bado unakumbukwa. TCRA ilisema leseni za wenye dishi za kulipia, Azam, DStv na Zuku, haziwaruhusu kubeba chaneli za bure za ndani, kwa kuwa kazi hiyo ilikuwa ya kampuni tatu zilizotajwa juu. Mwezi Agosti chaneli hizo zikaondolewa. ITV, Star TV, Channel Ten na Clouds zikatoweka kwa watu waliokuwa wamelipia vifurushi vyao kihalali, na mwenye nyumba wa Bariadi akalazimika kuweka king'amuzi cha pili ili aone taarifa ya habari. Baadaye kanuni zililegezwa na chaneli zikarudi. Amri ile iliwatesa watazamaji kuliko ilivyowanufaisha wenye vituo, waliopoteza macho ya watu na matangazo ya biashara kwa pamoja.

Nchi ya pamba na ng'ombe inastahili kujua pia habari ya Bob Magness. Huyu alikuwa mnunuzi wa mbegu za pamba huko Texas, Marekani. Siku moja, kwenye kinu cha kuchambua pamba mjini Paducah, aliwapa lifti watu wawili ambao gari lao lilikuwa limeharibika, na njiani wakamweleza kwamba wametoka kufunga kebo ya televisheni. Mwaka 1956 Magness aliuza ng'ombe, akaweka nyumba rehani, akafunga kebo yake katika mji mdogo wa Memphis, Texas, akipanda nguzo mwenyewe huku mkewe Betsy akishika daftari. Kampuni iliyotokana na waya huo, TCI, ilinunua kebo ndogondogo moja baada ya nyingine mpaka nayo ikanunuliwa na AT&T mwaka 1999, kwa takribani dola bilioni 48. Ng'ombe wa Usukuma wamelipa mahari na ada nyingi, lakini kazi kama hiyo hawajaifanya.

Afrika Mashariki nayo ina mlolongo wake wa ununuzi. Wananchi, iliyoanzishwa Nairobi na Njeri Rionge na wenzake ikiuza intaneti, ilikua ikawa na kebo na dishi za Zuku, na kwa upande wa Tanzania ikawa na SimbaNET. Mwaka 2022 kundi lililoongozwa na kampuni ya Axian lilinunua Tigo ya Tanzania, kampuni ya simu, kutoka Millicom, pamoja na Zantel, ambayo Millicom iliipata mwaka 2015 kwa kulipa dola 1 na kubeba madeni yake. Tigo ikaitwa Yas mwaka 2024. Kisha Axian ikaifuata Wananchi Group na kuchukua karibu hisa zote. Ununuzi wa namna hii nchini hupita Tume ya Ushindani, chini ya sheria ya mwaka 2003, na uhamisho wa leseni hupita TCRA. Septemba 2025 Canal+ ya Ufaransa ilikamilisha kuinunua MultiChoice, na kwa hatua hiyo dishi za DStv zilizoko Bariadi, Lamadi na Maswa zikapata mwenyewe mpya.